Hatari Iliyopandia Bandarini

Bahari ni ghali. Waliowahi kutengeneza filamu majini wanaijua hesabu yake: mawimbi hayamngoji mwongozaji, jua linahama kabla picha haijapatikana, chombo kinageuzwa na mkondo, chumvi inakula vifaa, na siku iliyopotea kwa upepo mbaya inalipiwa mishahara sawa na siku njema. Mwaka 1974 Steven Spielberg alipokwenda kisiwa cha Martha's Vineyard kutengeneza Jaws, ratiba ya siku 55 iliishia siku 159, na bajeti ya dola milioni 4 hivi ikafika milioni 9. Nyuma yake ilikuwapo studio kubwa iliyoweza kuubeba mzigo huo. Mwenye dola laki mbili angefilisika mapema.

Hata hivyo, kwa miaka mia moja sasa watu wenye mifuko myepesi wamerudi tena na tena baharini kutengeneza filamu za kutisha. Meli inang'oa nanga, watu wanaanza kufa mmoja baada ya mwingine, na chombo hakifiki, au kinafika bila mtu ndani. Historia ya filamu hizi huandikwa pembeni, katika kurasa za mwisho, na nadhani hilo ni kosa. Umaskini uliwanyima tufani kubwa na majitu ya kilindini. Wakalazimika kuielekeza kamera ndani ya chombo na kuangalia watu: nani alipakia shehena ile, nani alihesabu abiria, nani alikuwa na haraka ya faida. Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Zile bora miongoni mwa filamu hizi zinawabishia wahenga. Usukani ulikuwapo, na mtu aliushika.

Mzizi mmoja wa masimulizi haya ni tukio la kweli. Tarehe 7 Novemba 1872 merikebu Mary Celeste iliondoka New York kwenda Genoa, Italia, ikiwa na mapipa 1,701 ya alkoholi. Nahodha Benjamin Briggs alisafiri na mkewe Sarah, binti yao Sophia wa miaka 2, na mabaharia 7. Mtoto wao wa kiume, Arthur, aliachwa kwa bibi yake ili asikose shule. Mwanzoni mwa Desemba mabaharia wa merikebu nyingine, Dei Gratia, waliiona kati ya visiwa vya Azores na pwani ya Ureno, ikienda mrama. Walipopanda hawakukuta mtu. Mashua haikuwapo, shehena ilikuwa karibu yote mahali pake, chakula kilikuwamo, na maandishi ya mwisho ya safari yalikuwa ya tarehe 25 Novemba. Hakuna hata mmoja wa wale kumi aliyeonekana tena. Mwanasheria mkuu wa Gibraltar, Frederick Solly-Flood, alishuku mauaji na akapekua kila ubao, lakini ushahidi haukupatikana.

Mwaka 1884 Arthur Conan Doyle, wakati huo daktari kijana asiyejulikana, alichapisha hadithi ya kubuni juu ya meli aliyoiita Marie Celeste, na humo mashua zote zilikuwa zingali zimefungwa mahali pake. Baadaye wasimulizi wengine wakaongeza vyao: chai yenye moto mezani, kifungua kinywa kilichoachwa nusu. Uzushi huo ndio uliokuja kupendwa, kwa sababu meli iliyoachwa bila sababu inasisimua kuliko meli ambayo watu wake waliingia katika mashua kwa hofu inayoeleweka. Mwisho wa kweli wa merikebu ile husimuliwa mara chache. Januari 1885 nahodha wake wa wakati huo aliipandisha kwa makusudi kwenye mwamba karibu na Haiti ili fedha za bima zilipwe. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye habari ya kutisha zaidi katika maisha yote ya chombo kile.

Oktoba ya mwaka huohuo wa 1885, merikebu ya Kirusi iliyoitwa Dmitry ilitupwa na dhoruba ufukweni mwa mji wa Whitby, Uingereza. Miaka mitano baadaye Bram Stoker alikwenda Whitby mapumzikoni, akaisikia habari hiyo. Katika riwaya yake Dracula, iliyotoka mwaka 1897, Dmitry imekuwa Demeter: inapakia masanduku ya udongo Varna, mabaharia wanatoweka mmoja mmoja njiani, na inapofika Whitby nahodha ni maiti aliyejifunga mikono kwenye usukani. Stoker alisimulia safari hiyo kwa njia ya daftari la nahodha, kurasa chache tu. Mnyonya damu haonekani sana humo. Kinachoonekana ni mtu mwenye wajibu anayeandika kila siku idadi ya waliobaki.

Mwaka 1921 kampuni changa ya Ujerumani, Prana Film, iliamua kuitengeneza riwaya hiyo bila kulipia haki. Mwongozaji alikuwa F. W. Murnau, na filamu ikaitwa Nosferatu. Fedha zilikuwa chache kiasi kwamba Fritz Arno Wagner alipiga picha kwa kamera moja tu. Wakati filamu nyingine mashuhuri za Ujerumani zilijengewa ulimwengu mzima wa mbao na rangi ndani ya studio, Murnau alikwenda kupiga picha katika bandari ya kweli ya Wismar, akitumia merikebu ya kweli, na uhalisi huo ukawa silaha yake. Sehemu ya meli ni fupi, na kila kilichomo ni kitu cha kawaida: jeneza, panya, shoka mkononi mwa baharia, mlango wa kuteremkia tumboni mwa meli. Kisha mnyonya damu, kiumbe kinachoigizwa na Max Schreck, kinainuka kutoka jenezani kikiwa kimenyooka kama mlingoti. Baadaye kamera inatazama kutoka chini kuelekea sitaha, na anapita juu ya vichwa vyetu taratibu, katikati ya kamba na matanga, kama mwenye chombo anayekagua mali yake.

Halafu merikebu inaingia bandarini bila mtu usukanini. Kinachofuata ndicho kinachonishika mimi zaidi. Wakubwa wa mji wanapanda, wanalichukua daftari la safari, wanaketi kulisoma, na neno tauni linapotajwa wanatawanyika kwenda kujifungia majumbani. Hofu imehama kutoka kwenye kucha za mnyonya damu hadi kwenye karatasi ya serikali. Filamu ilizinduliwa Berlin Machi 1922, miaka michache tu baada ya mafua makubwa ya 1918 kupita katika miji ileile, na watazamaji hawakuhitaji kuelezwa maana ya mji kufunga milango.

Prana ilifilisika na haikutengeneza filamu nyingine. Mjane wa Stoker, Florence, alikwenda mahakamani, na mwaka 1925 ikaamriwa nakala zote ziharibiwe. Baadhi zilikuwa zimekwishavuka mipaka, ndiyo maana tunayo leo. Mwaka 2023 Hollywood iliirudia safari ile kwa bajeti ya dola milioni 45 hivi, katika The Last Voyage of the Demeter ya André Øvredal, ikitumia matangi makubwa ya maji ya Malta na kiumbe chenye mabawa kinachoonekana waziwazi. Kazi ya mafundi wake naiheshimu. Ila mapato hayakufika hata nusu ya gharama, na mimi niliyeitazama kwa hamu sikumbuki picha moja yenye uzito wa yule mtu mrefu anayepita kati ya kamba.

Nchini Uingereza kampuni ya Hammer ilizaliwa mwaka 1934, na mwaka uliofuata ilitoa The Mystery of the Mary Celeste, ikiongozwa na Denison Clift. Walimwajiri Bela Lugosi, ambaye dunia ilimjua kwa Dracula ya 1931, wakampa nafasi ya baharia aliyewahi kuteswa katika meli hiyohiyo na sasa amerudi kulipa kisasi. Toleo kamili halijulikani lilipo; kilichobaki ni nakala iliyokatwa kwa soko la Marekani, na mikato inaonekana. Lakini wazo lake ni zito. Katika karne ya 19 watu walileweshwa au kupigwa katika baa za bandari, wakazinduka wako baharini, wamekuwa mabaharia bila hiari yao. Filamu ilijaza pengo la Mary Celeste kwa dhuluma hiyo, na Lugosi, ambaye wakubwa wa Hollywood walizoea kumtumia kama sura ya kigeni tu, anaigiza uchungu wa mtu aliyeibiwa maisha yake.

Filamu ninayoiweka juu ya zote ilitoka Desemba 1943. Studio ya RKO, iliyokuwa na madeni, ilikuwa imempa Val Lewton, mzaliwa wa Yalta aliyehamia Marekani utotoni, kitengo cha filamu za kutisha kwa masharti magumu: kila filamu isizidi dola 150,000, isizidi dakika 75, na jina la filamu litachaguliwa na studio, yeye atafute hadithi ya kulifuata. Vita vilikuwa vimebana zaidi, kwani serikali ya Marekani ilikuwa imeweka kikomo kwa vifaa vipya vya kujengea mandhari. Katika ua wa studio ilisimama meli ya mbao iliyojengwa kwa ajili ya filamu ya 1939, Pacific Liner. Lewton akaambiwa aitumie. Jina aliloletewa lilikuwa The Ghost Ship.

Hakuna mzimu ndani yake. Afisa wa tatu kijana, Tom Merriam, anapanda meli ya mizigo Altair, na nahodha Stone anampokea kwa upole wa mzazi. Anamfundisha kwamba nahodha ana haki juu ya uhai wa watu wake kwa sababu ndiye anayeulinda. Mwanzoni maneno hayo yanasikika kama busara ya mtu mzima. Kisha kulabu kubwa ya kunyanyulia mizigo, iliyopakwa rangi mpya, inaachwa bila kufungwa kwa sababu nahodha hataki rangi iharibike. Upepo unakuja usiku, na kulabu inaanza kubembea gizani juu ya sitaha, ikivunja kila inachokigusa. Kulabu, giza na upepo vilitosha. Mwongozaji Mark Robson na mpigapicha Nicholas Musuraca hawakuhitaji zaidi, na huwezi kupata katika filamu za gharama kubwa mnyama mwenye kutisha kuliko kipande kile cha chuma.

Baharia mmoja analalamika kwamba watu ni wachache kwa kazi iliyopo. Nahodha anamjibu kwa utulivu kwamba manahodha wengine wangemwekea kinyongo kwa maneno hayo. Baadaye baharia yule anaingia katika chumba cha mnyororo wa nanga kuupanga mnyororo unaposhuka, kama kazi yake inavyotaka. Mlango unafungwa kwa nje. Mnyororo unaendelea kuingia, pingu kwa pingu, kelele zake zikimeza sauti ya mtu. Hatuoneshwi mengi. Tumeshaelewa kazi ya chumba kile na uzito wa chuma kile, na akili yetu inamaliza.

Kilichoifanya filamu hii kuwa kubwa ni kinachotokea baada ya mauaji. Merriam anamshtaki nahodha kwa wakala wa kampuni bandarini. Kikao kinaitishwa, mabaharia wanahojiwa mmoja mmoja, na wote wanamsifu nahodha. Hawakuhongwa. Wamezoea, wana familia, wanahitaji meli ijayo. Merriam anaiacha meli. Anapigwa katika ugomvi mtaani, anapoteza fahamu, na anapozinduka amerudishwa ndani ya Altair, ikiwa tayari imeondoka. Kuanzia hapo hakuna anayezungumza naye. Kufuli ya chumba chake imeondolewa. Nahodha anamwachia uhuru wa kutembea popote, akijua hana mtu wa kumwambia. Anayeujua ukweli ni baharia bubu kutoka Finland, aliyeigizwa na Skelton Knaggs, ambaye mawazo yake tunayasikia sisi tu. Ndiye anayekuja kupigana na nahodha kwa kisu mwishoni, huku nje Sir Lancelot, mwimbaji wa kalipso kutoka Trinidad, akiendelea kuimba bila kujua kinachotendeka nyuma ya mlango.

Dakika 69. Mwaka uleule dunia ilikuwa vitani dhidi ya viongozi waliodai mamlaka kamili juu ya maisha ya watu wao, na Lewton alilisema jambo hilo ndani ya meli ya mizigo iliyojengwa kwa masalio, bila kutaja vita. Halafu filamu ikatoweka. Waandishi wawili, Samuel R. Golding na Norbert Faulkner, walishtaki kwamba hadithi imetokana na mchezo wa kuigiza waliouwasilisha kwa Lewton. Alikana, akakataa suluhu ya fedha, akashindwa kesi, na filamu ikaondolewa kwenye kumbi. Lewton alifariki mwaka 1951. Karibu miaka 50 ilipita bila watu wengi kuweza kuiona tena kihalali. Ninapofikiria jinsi vizazi vizima vya waongozaji vilivyokua bila filamu hii, ilhali filamu hafifu za wakati wake zilirudiwa kwenye televisheni usiku hadi usiku, nasikitika kwa dhati.

Miongo iliyofuata ilikuwa ya mavuno mengi na punje chache. Japani, mwaka 1963, Ishirō Honda alitengeneza Matango, kutokana na hadithi ya 1907 ya William Hope Hodgson, mwandishi Mwingereza aliyekuwa baharia tangu ujana wake na aliyeuawa Ypres mwaka 1918. Matajiri kwenye mashua ya starehe wanatupwa kwenye kisiwa chenye uyoga unaomgeuza mlaji, na nyuso zilizovimba ziliwakumbusha Wajapani majeraha ya mabomu ya atomiki. Hispania, mwaka 1974, Amando de Ossorio aliwapandisha wafu wake vipofu kwenye jahazi la kale katika El buque maldito. Meli yenyewe ni kitu cha kuchezea majini, kila mtazamaji anaona, lakini ukungu na mwendo wa polepole wa wale wafu bado vina nguvu. Mwaka 1980 ulikuja Death Ship ya Alvin Rakoff, wakati sheria za kodi za Kanada zilipovuta fedha nyingi katika filamu za haraka. Kwa ajali ya meli ya abiria ilikopa picha za The Last Voyage ya 1960, ambazo watengenezaji wake walikuwa wamezipiga ndani ya meli ya kweli ya Kifaransa, Île de France, iliyokuwa njiani kuvunjwa Japani.

Katika kundi hilo Shock Waves ya Ken Wiederhorn, iliyotoka mwaka 1977, inastahili kutazamwa kwa makini. Iligharimu kiasi cha dola 200,000 na kupigwa kwa mikanda ya milimita 16. Watalii wanachukuliwa na mashua chakavu ya nahodha anayeigizwa na John Carradine, wanagongana usiku na meli kubwa yenye kutu, wanaishia kisiwani kwa kamanda mzee wa Kinazi, Peter Cushing, ambaye wanajeshi wake waliofanywa wasife wamo majini bado. Meli ile yenye kutu ni Sapona ya kweli, karibu na Bimini katika visiwa vya Bahamas. Ilikuwa miongoni mwa meli za zege zilizoagizwa wakati wa vita vya kwanza vya dunia kwa sababu chuma kilikuwa adimu, ikawa ghala la pombe ya magendo Marekani ilipoipiga marufuku, kisha kimbunga cha 1926 kikaikwamisha. Hakuna fundi wa studio ambaye angeweza kuchora historia hiyo juu ya ubao. Wanajeshi wenyewe wanatembea kwenye sakafu ya bahari, miwani myeusi machoni, bila haraka, kama silaha iliyosahauliwa na serikali iliyoiunda.

Kamera ndogo za kidijitali zilipokuja, hata meli iliachwa. Chris Kentis na mkewe Laura Lau, wenyewe wapiga mbizi, walitumia kiasi cha dola 120,000 kutengeneza Open Water mwishoni mwa wiki na wakati wa likizo, wakishika kamera wao wenyewe. Papa walikuwa wa kweli. Waigizaji Blanchard Ryan na Daniel Travis walivaa wavu wa chuma wa kujikinga ndani ya mavazi yao ya mbizi. Kiini cha hadithi kilitoka Australia, ambako Januari 1998 mke na mume Wamarekani waliachwa na mashua ya wapiga mbizi kwenye Great Barrier Reef, na siku mbili zikapita kabla mtu hajatambua kwamba hawakurudi. Katika filamu kosa linatokea kwenye ubao wa karatasi: mfanyakazi anaweka alama mahali pasipostahili, idadi inatimia, mashua inaondoka. Lionsgate waliinunua katika tamasha la Sundance mwaka 2004 kwa dola milioni 2.5, na ikaingiza zaidi ya milioni 50 duniani. Papa walitangazwa kwenye mabango. Lakini kila mara ninapoiona, ninayemtazama ni yule kijana mwenye orodha, mtu mwema asiye na ubaya wowote, anayehesabu vibaya.

Mwaka 2019 Neasa Hardiman wa Ireland alitoa Sea Fever, na kwangu ndiye mrithi wa kweli wa Lewton. Meli ya uvuvi yenye madeni inaondoka na mwanafunzi wa sayansi ya bahari, Siobhán, anayeigizwa na Hermione Corfield. Walinzi wa pwani wametangaza eneo fulani kuwa limefungwa. Nahodha anajua huko kuna samaki, anajua pia benki inasubiri, anaingia bila kuwaambia wenzake. Kiumbe cha kilindini kinaing'ang'ania meli kutoka chini na vimelea vyake vinaingia katika maji ya kunywa. Bajeti haikuruhusu kukionesha sana, kwa hiyo filamu inabaki mezani, ambako watu wanagombana. Siobhán anataka wajitenge, wasitie nanga popote hadi ijulikane nani ameambukizwa. Wenzake wanataka nyumbani. Wana watoto, wana mkataba wa samaki, na yeye ni mgeni asiyepiga kazi yao. Wanamwona mkatili. Yeye anahesabu watu waliopo bandarini. Filamu ilianza kusambazwa Aprili 2020, wakati kumbi za sinema zilikuwa zimefungwa na virusi vya korona, na meli za starehe zenye abiria wagonjwa zilikuwa zikikataliwa bandari baada ya bandari.